Pete Mbili Tumboni mwa Kuku

Wasifu wa mdogo wangu uliosomwa siku ya mazishi ulikuwa na mistari kumi na minne. Niliuandika mimi, kwa kuwa kila ndugu aliyeombwa kuuandika alisema hajui aanzie wapi. Ulisema alizaliwa, akasoma, akaajiriwa studio ya picha, akaugua figo, akapumzika. Ulisomwa vizuri, watu wakaitikia amina, nami nilipoketi nikahisi tumemzika mtu mwingine. Mdogo wangu alikuwa na picha moja aliyotaka kuimaliza kabla hajafa. Hakuimaliza, na aliyemkwamisha ni mimi. Hilo halikuwemo katika ile mistari, kwa hiyo naliandika hapa, pamoja na mengine yanayomhusu.

Nyumbani tulimwita Kurunzi. Alipokuwa na miaka sita alifungua kurunzi ya baba, akatoa betri, akatoa balbu, akapanga kila kitu sakafuni, na baba alipomuuliza anatafuta nini akajibu kwamba anatafuta mahali mwanga unapolala ukizimwa. Baba alikuwa ameshika mkanda tayari. Akaurudisha kiunoni.

"Haya, Kurunzi," akasema, "ukipaona unionyeshe na mimi."

Baba alifariki mwaka uliofuata. Jina likabaki.

Tuliishi watatu, mama, Kurunzi na mimi, kwenye ghorofa ya mwisho. Juu yetu ni paa tu, matangi ya maji na kamba za nguo. Mimi nafanya kazi duka la miwani. Sipimi macho. Napokea wateja, nakaza skurubu za fremu, nasafisha vioo kabla mtu hajavivaa. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo, na kitambaa changu cha kusafishia nakifua mwenyewe kwa mkono, simwachii mtu.

Kurunzi alifanya kazi studio, mtaa wa pili kutoka dukani kwetu. Hakuwa mpigaji. Kazi yake ilikuwa kusafisha picha kwenye kompyuta: chunusi za bwana harusi, ukuta mchafu nyuma ya mtoto, picha za marehemu zilizoliwa na mchwa. Mwenye studio tulimpa jina la Usicheke, kwa sababu ndilo neno lake kwa kila aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho. "Kaa wima. Kidevu chini kidogo. Usicheke!" Alilitamka kwa uso wa hakimu hata watu waliokuja na shida zao wakajikuta wanacheka, na picha ikarudiwa mara tatu.

Siku moja alikuja mjane mmoja na picha ya mumewe, ndiyo pekee aliyokuwa nayo, na maji yalikuwa yamefuta shavu zima la kulia. Usicheke akaitupia jicho.

"Rahisi hii. Chukua shavu la kushoto, geuza, bandika kulia. Kesho aje achukue."

"Siwezi, bosi," Kurunzi akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sijui shavu la kulia lilikuwaje."

"Shavu ni shavu! Kwani alikuwa na mashavu ya aina mbili? Nani atajua?"

"Mkewe."

Akamfuata yule mama nje, akamuuliza. Kumbe marehemu alikuwa na kovu pale, aliumwa na mbwa utotoni. Kurunzi akampa penseli na karatasi amchoree lilivyokaa. Kazi ikachukua siku nne, na Usicheke akalalamika siku zote nne. Mama yule alipoletewa picha alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Tangu hapo Usicheke akawa anawaambia wateja, "Huyu kijana wangu hachori asichokijua," kana kwamba lilikuwa wazo lake.

Darubini aliipata kwa mwalimu wa fizikia aliyekuwa anahama mji. Baadaye akapata na kamera ya kuifunga nyuma yake, kitu cheusi kama kopo la maziwa ya unga, kisichoona rangi kabisa, nyeusi na nyeupe tu. Jirani wetu wa ghorofa ya chini, dereva wa lori, alimkuta ngazini anapandisha mzigo.

"Unapeleka wapi hilo bomba?"

"Juu. Nataka kupiga picha mawingu yaliyo kwenye nyota."

"Hapa? Na taa zote hizi za kituo cha mafuta? Hapa hata mwezi unapita kwa aibu."

"Kuna namna."

"Haya, fundi. Ukimwona Mungu mwambie maji yamekatika leo siku ya tatu."

Namna yenyewe alimweleza mama mchana mmoja wa Jumapili, nami nikiwepo. Mama alikuwa ameletewa picha aione, wingu la rangi ya dhahabu lenye buluu katikati, na alikuwa ameivalia miwani kana kwamba ni barua ya serikali.

"Wingu lile ni gesi, mama," Kurunzi alisema. "Kila gesi inawaka kwa mwanga wake mmoja tu, mwembamba kama uzi. Hidrojeni ina uzi wake, salfa wake, oksijeni wake. Naweka kichujio mbele ya kamera, kinapitisha uzi mmoja na kuzuia mwingine wote. Taa za kituo cha mafuta zinabaki nje zinagonga mlango."

"Na kamera haioni rangi, umesema."

"Haioni. Napata picha tatu za kijivu. Halafu mimi ndiye ninayezigawia rangi. Salfa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu. Nazichanganya."

"Kwa hiyo unamsaidia Mungu kupaka rangi."

"Simsaidii, mama. Yeye kaandika kwa wino hafifu na mimi macho yangu mabovu. Nakoleza ili nisome."

Mama akaitazama tena picha, akaigeuza kichwa chini, akairudisha.

"Sawa. Lakini huyu ni kuku aliyenyeshewa mvua."

Tulicheka mpaka jirani akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Na kweli, ukishaambiwa huwezi kuona kitu kingine: mabawa yameshuka, shingo imejikunja, mkia umelowa. Wingu lile lina namba yake kwenye vitabu vya wataalamu, lakini nyumbani kwetu likaitwa Kuku. Picha ile ilikuwa ya majaribio, ya haraka haraka. Kurunzi akasema atampiga Kuku upya, taratibu, mpaka manyoya yaonekane.

Watu walidhani kazi yake ilikuwa kukesha juu ya paa. Kule juu alipanga vyombo, akaviacha vijipigie picha vyenyewe, akashuka kulala. Kazi yenyewe ilikuwa chumbani mwake saa za alasiri akitoka studio, shuka limefunga dirisha, na mimi nikitoka dukani navua viatu nakaa kitandani kwake namtazama. Picha moja huchukua dakika tano, na ukiifungua unaona weusi na chengachenga, kama televisheni isiyoshika stesheni. Kompyuta inazirundika picha kwa mamia, moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota. Chengachenga hazikai mahali pamoja, kwa hiyo zinafutana. Kilicho cha kweli kinabaki pale pale na kinaongezeka. Hata hapo bado ni weusi. Ndipo alipoanza kuuvuta mwanga, kidogo kidogo, na kipanya kikisogea upana wa punje ya mchele. Wingu lilijitokeza gizani mbele ya macho yangu. Mara ya kwanza kuliona nilisema Bwana asifiwe bila kukusudia, naye akasema, "Asifiwe, lakini usitikise kitanda."

Figo zake zilianza kukataa akiwa na miaka thelathini na mitatu. Sitaeleza habari ya dalili. Alipangiwa mashine ya kusafisha damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, muda wa saa nne kila mara, kwenye chumba chenye viti kumi ambavyo kila baada ya muda kimoja kilibadilisha mtu. Damu inatoka mkononi, inapita kwenye kichujio, inarudi.

"Mimi na kamera yangu tumekuwa ndugu," alimwambia muuguzi. "Wote tunaishi kwa vichujio."

Maji alipimiwa. Kikombe kimoja kutwa, chai ikiwemo. Kiu ilipomzidi alimumunya kipande cha barafu, na mama akajifunza kugandisha maji kwenye kifuniko cha chupa ili vipande viwe vidogo. Nilifunga na kuomba apone. Baadaye, nikiona jinsi anavyopanda ngazi, niliomba amalize Kuku. Nilijua ndicho alichokuwa anakipigania, maana alilisema wazi, mbele ya mama.

"Nikimaliza Kuku, Mungu hana haja ya kuniita kwa jina. Apige mluzi tu."

"Koma," mama akasema. "Mambo ya Mungu hayapigiwi mluzi."

Hidrojeni na salfa alikuwa amezimaliza mwaka uliotangulia. Ilibaki oksijeni, ambayo kwa Kuku ni hafifu kuliko zote na iko tumboni tu. Alihitaji saa nyingi za anga safi, na Kuku huonekana vizuri miezi michache ya mwaka. Alizikusanya kiangazi kizima, siku zile ambazo mashine haikuwa imemwacha hoi. Alipanda ngazi ya paa kwa vituo vitatu, akivuta pumzi kila kituo. Vyombo hakuvishusha tena; aliviacha juu palepale, kamera imefungwa kwenye darubini, vyote vimefunikwa turubai na kamba. Nilidhani ni kwa sababu hana nguvu za kuvibeba. Alifikisha picha mia moja sitini na nane. Nilimsikia anamwambia mama, "Saa kumi na nne kamili. Imebaki kupiga picha nyeupe, basi."

Picha nyeupe ni picha ya kitu kisicho na kitu. Unafunga kitambaa cheupe mdomoni mwa darubini, unaielekeza kwenye anga la mchana, unapiga. Kinachoonekana ni mwanga mtupu pamoja na makosa yote ya vyombo vyako: pembe zilizofifia na vumbi. Chembe moja ya vumbi juu ya kichujio haitokei kwenye picha kama chembe, inatokea kama pete ya kivuli. Kompyuta ikiwa na picha nyeupe inajua kila pete iko wapi na ina giza kiasi gani, nayo inaziondoa zote kwenye picha za nyota pasipo kubahatisha. Ila sharti ni moja. Vumbi liwe lile lile, na likae palepale lilipokuwa nyota zilipopigwa. Kwa hiyo mtu wa kazi hii hapangusi chombo chake mpaka picha nyeupe zimepigwa. Analitunza vumbi lake.

Haya yote nayaandika leo kama mtu anayeyajua. Wakati ule sikuyajua.

Alikuwa apige picha nyeupe Alhamisi. Jumatano mashine ilimwangusha, presha ikashuka, wakamlaza. Alhamisi mchana nikiwa nyumbani namwandalia nguo za kubadilisha, mawingu yakafunga, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na simu ikaita.

"Dada, mvua inakuja?" Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliye chini ya blanketi.

"Inakuja."

"Turubai lile limetoboka. Nishushie vyombo. Lakini dada, vishushe hivyo hivyo vilivyo. Vizima vizima. Usitenganishe kitu."

"Lala wewe. Nitavishusha."

Nilijaribu. Mungu ni shahidi yangu, nilijaribu. Mlango wa paa letu ni tundu la mraba lenye ngazi ya chuma, na bomba lile na kamera yake nyuma havikupita nikiwa nimevishika kwa mkono mmoja. Matone yalikuwa yameanza. Nikadhani ananikataza kutenganisha kwa kuogopa nitapoteza skurubu. Nikaenda kuchukua kikombe, nikafungua kamera, skurubu zote nikazitia kikombeni, nikazihesabu, nikashusha kimoja kimoja. Hakuna kilicholowa. Nilifurahi mno.

Ndipo, mezani kwake, nikaona vumbi. Kiangazi kizima juu ya paa, unategemea nini? Kwenye kichujio, kwenye kioo cha kamera. Nikachukua kitambaa changu na dawa ya dukani. Nilifanya kazi ile kama ninavyomfanyia mteja anayekuja kuvaa miwani kwa mara ya kwanza maishani: kutoka katikati kwenda nje, bila kukandamiza, pande zote mbili. Nilipomaliza nilivielekeza dirishani na havikuwa na hata alama. Nikavifunga tena. Nilikuwa naimba.

Alirudi Jumatatu iliyofuata. Alifikia mezani kabla ya kitandani. Akainua kamera, akaigeuza kwenye mwanga, akaishika hivyo kwa muda.

"Dada, ulikitoa kichujio?"

"Nilikitoa, nikakipangusa, nikakirudisha. Na kioo cha ndani pia. Kulikuwa na vumbi humo, wewe! Nimekusafishia kwa kile kitambaa changu."

"Kile usichomwachia mtu."

"Hicho hicho."

Akaiweka kamera chini polepole. Halafu akacheka kidogo.

"Basi imepata heshima. Asante, dada. Naomba barafu."

Nikaenda kuleta barafu. Hayo ndiyo yote aliyoniambia kuhusu jambo hilo mpaka siku aliyokufa.

Wiki saba zilizobaki alizimalizia kwenye ile oksijeni. Studio aliacha, Usicheke alikuja kumwona jioni, wakafunga mlango wakazungumza. Mimi nilikaa kitandani kama zamani, sasa nikimshikia mto mgongoni. Kwenye skrini tumbo la Kuku lilikuwa na maduara meusi, mengine makubwa kama kifuniko cha chupa, mengine kama kifungo.

"Hayo ni nini?"

"Uchafu."

"Si uyafute kama chunusi?"

"Chunusi najua chini yake kuna ngozi. Hapa sijui chini yake kuna nini."

"Basi piga upya."

"Kuku ameshazama, dada. Mpaka mwakani." Akautazama mkono wake wenye ule mshipa uliovimba, wa mashine. Sikusema tena habari ya kupiga upya.

Njia aliyoipata ilikuwa ngumu kama kuchambua mchanga kwenye chumvi. Kule juu darubini ilikuwa inasogea kidogo kati ya picha na picha, kwa kukusudia, hivyo nyota hazikukaa sehemu moja ya kioo, vumbi lilikaa. Akazirundika zile picha mia moja sitini na nane kwa kulifuata vumbi badala ya nyota, ili nyota zifutane na pete zibaki. Akaipima kila pete peke yake, kivuli kiko wapi, kina giza kiasi gani, akaiondoa kwa kipimo hicho. Lakini wingu lenyewe ni pana, halifutiki lote, lilijichanganya na vivuli, na kila pete ilimchukua siku tatu, nne, tano. Zilikuwa kumi na moja. Siku za mashine hakufanya kitu. Kuna alasiri alilala usingizi mkono ukiwa juu ya kipanya, nami nikauinua mkono ule na ulikuwa mzito na wa baridi.

Kuna jambo nililosema ambalo napenda nilifiche, na kwa sababu hiyo nalitaja. Ilikuwa pete ya sita. Nilikuwa nimechoka, duka lilikuwa limejaa, nikamwona anavyohema kwa ajili ya duara moja. Nikamgombeza.

"Wewe tangu utoto mzembe wa vumbi. Ungekuwa unapangusa vitu vyako mapema, yasingekupata haya."

"Kweli, dada," akasema. Akaendelea na kazi.

Mama alikuwa mlangoni na sahani ya barafu. "Mwache mwenzio," aliniambia. Naye hakujua.

Homa ilimpata mwishoni mwa wiki ya saba. Kabla hatujamteremsha ngazi kwenda hospitali, jirani dereva wa lori akiwa amemshika mabega na mimi miguu, aliniita karibu.

"Nimehifadhi. Iko mahali pawili. Zimebaki mbili."

"Mbili tu? Umalizie ukirudi. Hata kuku ana vidonda viwili vitatu."

Alitabasamu. Dereva akasema, "Usicheke bwana, unakuwa mzito," na hapo alicheka kweli, kile kicheko chake, kwa sababu dereva hakujua amelitaja jina la bosi wake.

Alifariki Alhamisi saa nne asubuhi. Mama alikuwa naye. Mimi nilikuwa dukani nasafisha miwani ya mwanafunzi, na simu ya mama ilipokatika nilimaliza kusafisha kile kioo cha pili, nikamvalisha mtoto, nikamuuliza kama anaona vizuri. Akasema anaona.

Siku ya tisa baada ya mazishi niliingia chumbani mwake kukunja shuka za dirishani. Daftari lake la kazi lilikuwa chini ya kibodi. Aliandika kila kitu humo, tarehe, idadi, hali ya anga. Nilifungua ukurasa wa mwisho wa oksijeni nikitafuta mwandiko wake tu, nisome chochote. Ulisema hivi:

"Oksijeni 168. Picha nyeupe hakuna. Vumbi limepanguswa. Pete 11, itabidi moja moja. Dada asiambiwe."

Chini yake kulikuwa na orodha ya pete, moja mpaka kumi na moja. Tisa zilikuwa na alama ya vema.

Nililichukua daftari kama lilivyo mpaka studio. Usicheke alikuwa na mteja kwenye kiti. Alipoona nilichoshika alimwambia mteja apumzike, akazima taa.

"Pete hizi zilitokana na nini?" nikamuuliza.

"Shemeji, hayo ni mambo ya ufundi." Ameniita shemeji tangu zamani, kwa mzaha tu, na siku hiyo alilitamka kama mtu anayeomba radhi.

"Nieleze."

"Kwani yeye hakukwambia?"

"Wewe unajua hakuniambia."

Akavuta kiti, akanieleza kila kitu kuhusu picha nyeupe, yale niliyoyaandika hapo juu. Alieleza akiwa anatazama sakafu. Kurunzi alikuwa amemwapisha. Alipomaliza nilimuuliza, kama nisingepangusa, kazi yote ingemchukua muda gani.

"Kuziondoa zote?"

"Zote."

"Kompyuta ingefanya yenyewe," akasema. "Robo saa."

Mchungaji wetu, nilipomweleza, aliniambia Mungu hahesabu kosa lililofanywa kwa upendo. Naamini. Ila mimi nahesabu, na namwomba Mungu anisamehe kuhesabu pia. Wiki saba, na siku ishirini na moja za mashine ndani yake. Ningeweza kumpa siku nyingine zote kwa mama, kwa usingizi, kwa kukaa dirishani.

Usicheke aliichapa picha kwa ajili yetu, kubwa, kwa karatasi nzuri. Kabla ya kuichapa aliiweka kwenye skrini nami nikiwa nyuma yake. Sikuwa nimeiona yote pamoja, salfa na hidrojeni na oksijeni. Manyoya yanaonekana. Kila unyoya wa Kuku una ukingo wa dhahabu, na tumboni kuna buluu iliyotulia kama maji ndani ya mtungi. Ndani ya buluu hiyo kuna pete mbili nyeusi, moja kubwa na moja ndogo.

"Nipe ruhusa nizifute hizi," Usicheke alisema. "Dakika mbili. Kwa heshima yake."

"Utaweka nini hapo?"

"Nitachukua buluu ya pembeni, nibandike."

"Na hapo penyewe pana nini?"

Akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Hakuna ajuaye," akasema, na akaichapa hivyo hivyo.

Tumeitundika chumbani kwa mama, ndani ya fremu yenye kioo. Mama macho yake yamepungua mwaka huu, anaisogelea mpaka pumzi yake inaweka ukungu. Jumapili iliyopita, tumetoka ibadani, alisimama hapo na gauni lake la kanisani, akagusa lile duara kubwa kwa kidole.

"Kuna uchafu hapa."

"Si uchafu wa kioo, mama. Uko ndani ya picha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nyingi. Nikamwambia. Nilimweleza habari ya mvua, ya tundu la paa, ya kikombe cha skurubu, ya kitambaa, na vile alivyoandika nisiambiwe. Nilimweleza na pale nilipomwita mzembe. Alisikiliza mpaka mwisho, kidole bado kiko kwenye kioo. Sijui alisikia kiasi gani na alikataa kusikia kiasi gani. Hakunitazama. Alikamata ncha ya kitambaa chake cha kichwani, akaanza kulifuta lile duara, taratibu, kwa mzunguko.

"Mama, hilo halitoki."

"Nani kasema?" Aliendelea kufuta. "Kitambaa hiki ndicho kibaya. Niletee kile chako cha dukani."

Nikaenda kukileta.